Wasifu wa Jomo Kenyatta: Masomo ya Ng'ambo na Swali la Utambulisho

Swali la mfano

Andika wasifu wa kiongozi mashuhuri aliyeaga dunia. Onyesha jinsi masomo ya ng'ambo yalivyoathiri namna alivyojitambua na alivyohusiana na jamii yake. (Alama 20)

Maelezo kwa mtahiniwa

Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yanayoandikwa na mtu mwingine. Mtu akiandika maisha yake mwenyewe, hiyo huitwa tawasifu. Wasifu huandikwa kwa nafsi ya tatu, kwa wakati uliopita, na matukio hufuatana kadiri yalivyotokea.

Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kuorodhesha tarehe tu: alizaliwa, akasoma, akaoa, akafariki. Swali hili linadai zaidi ya hayo. Mtahini anataka kuona mtu akibadilika, na anataka kujua kilichombadilisha. Unaposoma wasifu ufuatao, fuatilia majina ya mhusika. Kila jina lilipobadilika, uhusiano wake na watu wake nao ulikuwa umebadilika.

Kuzaliwa na malezi

Kamau wa Ngengi alizaliwa katika miaka ya 1890 huko Ngenda, eneo la Gatundu, Kiambu. Tarehe yake kamili ya kuzaliwa haikuandikwa mahali popote, kwa kuwa watoto wa wakati huo hawakusajiliwa. Baba yake aliitwa Muigai na mama yake Wambui. Muigai alifariki Kamau akiwa bado mdogo. Kwa mujibu wa mila, ndugu ya marehemu, Ngengi, alimrithi mjane, na ndivyo mtoto alivyokuja kuitwa wa Ngengi. Baadaye mama pia alifariki. Kamau akaenda kuishi na babu yake, Kungu wa Magana, aliyekuwa mganga. Kwa babu huyo alijifunza mengi kuhusu dawa, matambiko na desturi za Wakikuyu. Hakujua kwamba miaka mingi baadaye maarifa hayo yangemfungulia mlango wa chuo kikuu huko London.

Mnamo Novemba 1909 alijiunga na shule ya misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto. Alifundishwa Biblia, Kiingereza, hesabu na useremala. Ili apate karo, alifanya kazi ya nyumbani na ya jikoni kwa mlowezi mmoja aliyeishi karibu. Mwaka 1913 alipashwa tohara na kuingia rika lake kama kijana yeyote wa Kikuyu. Mwaka uliofuata, 1914, alibatizwa na kuitwa Johnstone Kamau. Katika muda wa miaka miwili alikuwa amekula viapo viwili: cha rika na cha kanisa. Ingekuwa vigumu kuvitimiza vyote kwa pamoja.

Kutoka mfanyakazi hadi katibu wa chama

Vita Vikuu vya Kwanza vilipopamba moto, serikali ya kikoloni iliwachukua Waafrika wengi kwa nguvu ili wabebe mizigo ya jeshi. Kamau alikwepa kwa kwenda kuishi na jamaa zake miongoni mwa Wamaasai huko Narok. Alipenda kuvaa mkanda wa shanga ulioitwa kinyata, na jina la Kenyatta lilitokana na mkanda huo. Baada ya vita alimwoa Grace Wahu. Walijaliwa mwana, Peter Muigai, mwaka 1920, na binti, Margaret Wambui, mwaka 1928. Majina hayo yalifuata desturi ya Wakikuyu, kwamba mwana wa kwanza hupewa jina la baba ya mume na binti wa kwanza jina la mama ya mume. Kwa njia hiyo Muigai na Wambui waliofariki walirudi nyumbani.

Jijini Nairobi alipata kazi katika idara ya maji ya manispaa. Alizunguka akisoma mita za maji. Ilikuwa kazi yenye mshahara mzuri kwa Mwafrika wa siku hizo. Hata hivyo, mwaka 1928 aliiacha na kuwa katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association, yaani KCA. Chama hicho kililalamikia ardhi iliyotwaliwa na walowezi. Alihariri pia gazeti la chama lililoandikwa kwa Kikuyu, Muigwithania, jina lenye maana ya mpatanishi.

Safari za Uingereza

Mapema mwaka 1929 wanachama wa KCA walichanga fedha na kumtuma London apeleke malalamiko yao kuhusu ardhi. Wakubwa wa Wizara ya Makoloni hawakumpa uzito. Alikaa huko zaidi ya mwaka mmoja, akaandika barua katika gazeti la The Times kueleza madai ya watu wake, kisha akarejea Septemba 1930.

Nyumbani alikuta mgogoro mkali. Misheni zilikuwa zimewaamuru waumini wao waache tohara ya wasichana. Wakikuyu wengi walikataa, wakatoka kanisani na kuanzisha shule zao za kujitegemea. Wamisionari walitaka Kenyatta, kijana waliyemfundisha, awaunge mkono. Wanachama wa KCA nao walimtarajia asimame na mila. Viapo vyake viwili vilikuwa vimegongana.

Mwezi wa Mei 1931 aliondoka tena pamoja na Parmenas Githendu Mockerie kupeleka maoni ya KCA mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Mockerie alirudi. Kenyatta alibaki, na safari iliyokusudiwa kuwa ya muda mfupi ikawa ya miaka 15. Wahu alibaki na watoto. Wambui alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi.

Mwanafunzi wa ng'ambo

Masomo yake ya kwanza Uingereza yalikuwa katika chuo cha Woodbrooke, Birmingham, kilichoendeshwa na Waquaker. Huko aliboresha Kiingereza chake. Mwaka 1932 alitoa ushahidi mbele ya Morris Carter, mwenyekiti wa Tume ya Ardhi ya Kenya. Mwaka huohuo, kwa msaada wa George Padmore, mwanaharakati kutoka Trinidad, alikwenda Moscow kusoma katika chuo cha Kikomunisti kilichowafunza vijana kutoka makoloni. Alisajiliwa kwa jina la bandia, James Joken. Wanafunzi weusi wa chuo hicho walilalamika kuhusu mafunzo na jinsi Waafrika walivyoonyeshwa. Chuo kilichohubiri usawa wa watu wote nacho kilikuwa na upungufu wake. Kenyatta aliondoka Moscow mwaka 1933.

Aliporudi London hakuwa na fedha. Michango ya KCA ilikuja kwa shida, na mara nyingi alidaiwa kodi ya chumba. Alipata riziki kwa njia mbili ambazo mtahiniwa anapaswa kuzilinganisha. Njia ya kwanza ilikuwa filamu. Alipewa nafasi ndogo katika filamu ya Sanders of the River, iliyotolewa mwaka 1935, ambayo iliusifu utawala wa Mwingereza barani Afrika. Katika filamu hiyo alilipwa kuwa Mwafrika wa kufikirika, yule ambaye Wazungu walitaka kumwona.

Njia ya pili ilikuwa lugha. Katika chuo cha University College London alimsaidia mtaalamu wa fonetiki, Lilias Armstrong, kuchunguza sauti na toni za Kikuyu. Alitamka maneno na kueleza maana yake huku mtaalamu akiandika. Utafiti huo ulichapishwa kama kitabu mwaka 1940. Tafakari jambo hilo. Huko Thogoto, Kiingereza ndicho kilichokuwa elimu. London ilimlipa kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Kitu alichodhani ni cha nyumbani tu kilikuwa elimu mbele ya wasomi.

Kuwaandika watu wake

Mwaka 1935 Kenyatta alianza kusoma anthropolojia katika London School of Economics chini ya Bronisław Malinowski, mmoja wa wataalamu wakuu wa taaluma hiyo. Hakuwa na shahada ya kwanza, lakini alikubaliwa katika masomo ya stashahada. Kwa kawaida wanafunzi wa taaluma hiyo walikuwa Wazungu waliosafiri kwenda kuwachunguza watu wa mbali. Kenyatta alifanya kinyume. Alisafiri mbali, kisha akawachunguza watu wake mwenyewe.

Insha alizoandika darasani zilikusanywa kuwa kitabu, Facing Mount Kenya, kilichochapishwa mwaka 1938. Malinowski alikiandikia utangulizi. Kitabu kinaeleza ukoo, ndoa, elimu, dini na uongozi wa Wakikuyu. Sura ya ardhi ndiyo iliyobeba hoja nzito zaidi ya kisiasa. Walowezi walidai kwamba walipofika walikuta ardhi isiyo na mwenyewe. Kenyatta alionyesha kwamba kila kipande kilikuwa na familia yake, mipaka yake na sheria za kukirithi. Malalamiko yaliyopuuzwa mwaka 1929 sasa yalikuja katika umbo la utafiti wa chuo kikuu, na haikuwa rahisi kuyapuuza tena.

Katika kitabu hicho jina la Johnstone halikuwepo. Mwandishi alijiita Jomo Kenyatta. Picha yake ilimwonyesha amevaa vazi la ngozi na kushika mkuki, ingawa London alitembea amevaa suti kama wenzake. Kitabu kilitabarukiwa Muigai na Wambui pamoja na vijana wa Afrika walionyang'anywa mali yao. Muigai na Wambui ni majina ya wazazi aliowapoteza utotoni, na pia ni majina ya watoto aliowaacha nyumbani. Mtu aliyekuwa peke yake katika mji wa kigeni alijiweka tena katika ukoo wake kwa kalamu.

Hata hivyo, kitabu hicho kina upungufu. Kenyatta aliitetea humo tohara ya wasichana kama nguzo ya jamii. Leo tendo hilo limepigwa marufuku nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2011, kwa sababu ya madhara yake kwa afya na haki za mtoto wa kike. Aidha, aliwaeleza Wakikuyu kana kwamba karibu kila desturi yao ilikuwa na mantiki na amani. Aliye mbali na kwao hupakumbuka kwa mapenzi, na wakati mwingine mapenzi hayo hufunika kasoro. Mtahiniwa anayetaka alama za juu asiogope kutaja upande huu wa wasifu.

Kutoka Mkikuyu hadi Mwafrika

London ilikuwa na Waafrika wengine, na watu weusi kutoka visiwa vya Karibi na Marekani. Nairobi, Kenyatta alijulikana kwa kabila lake. London, mwenye nyumba aliyemnyima chumba hakuuliza kabila. Ubaguzi mmoja uliwakusanya wote. Mwaka 1935 Italia ilipoivamia Uhabeshi, Kenyatta alishirikiana na Padmore, C. L. R. James na wengine kuitetea nchi hiyo huru. Hapo alianza kujiona Mwafrika, jambo ambalo pengine lisingemjia kwa urahisi kama asingeondoka Kiambu.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, alihamia kijiji cha Storrington, kusini mwa Uingereza. Alifanya kazi ya shambani na kutoa mihadhara kuhusu Afrika. Wanakijiji walimpa jina la utani, Jumbo. Walimpenda, lakini hata jina hilo lilimkumbusha kuwa yeye ni mgeni. Mwezi wa Mei 1942 alimwoa Edna Clarke, Mwingereza, na mwaka 1943 wakapata mwana, Peter Magana. Mwezi wa Oktoba 1945 alishiriki katika Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika mjini Manchester pamoja na Padmore, Kwame Nkrumah na W. E. B. Du Bois. Wajumbe walidai uhuru kamili wa makoloni. Mtu aliyetumwa kudai ardhi ya Wakikuyu sasa alidai uhuru wa bara zima.

Kurudi na gharama yake

Septemba 1946 Kenyatta alishuka katika bandari ya Mombasa. Edna na Magana walibaki Uingereza. Wambui, aliyemwacha akiwa mtoto wa miaka mitatu, alikuwa msichana wa miaka 18. Masomo na siasa vilikuwa vimempa sifa, lakini familia zake mbili, kila moja kwa wakati wake, zililipa gharama. Wasifu wa haki hautaji faida pekee.

Alikuwa mkuu wa chuo cha walimu cha Githunguri, kilichoanzishwa na Mbiyu Koinange aliyekuwa amesoma Marekani. Mwaka 1947 alichaguliwa kuwa rais wa Kenya African Union, yaani KAU. Swali la utambulisho lilimfuata hapo. Chama kilitaka kuwaunganisha Wakenya wote, lakini wafuasi wengi walikuwa Wakikuyu, na watu wa jamii nyingine walitilia shaka. Mwandishi wa kitabu kuhusu kabila moja alilazimika kujifunza kuwa kiongozi wa makabila yote.

Mwezi wa Oktoba 1952 alikamatwa. Alishtakiwa huko Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau, na mwaka 1953 akahukumiwa kifungo cha miaka saba. Aliyakana mashtaka hayo. Masomo yake ya ng'ambo yaligeuzwa silaha dhidi yake: walowezi walitaja Moscow kama ithibati ya ubaya wake. Alifungwa Lokitaung, kisha akazuiliwa Lodwar. Aliachiliwa Agosti 1961. Alikuwa waziri mkuu tarehe 1 Juni 1963. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba mwaka huo, na mwaka mmoja baadaye, ilipokuwa jamhuri, akawa rais wake wa kwanza.

Alitumia neno Harambee kuwahimiza Wakenya wajitegemee kwa pamoja. Wakosoaji wake walilalamika kwamba katika utawala wake ardhi na vyeo viliwafikia zaidi watu wa karibu naye na wa jamii yake. Kenyatta aliaga dunia mjini Mombasa tarehe 22 Agosti 1978 na kuzikwa jijini Nairobi, katika uwanja wa Bunge.

Hitimisho la wasifu

Maisha ya Kenyatta yanaonyesha kwamba masomo ya ng'ambo humwuliza mwanafunzi swali ambalo nyumbani haliulizwi: wewe ni wa nani? Kenyatta alilijibu kwa namna tatu. Kwanza alijibu kuwa ni Mkikuyu, na jibu hilo likazaa kitabu. Pili alijibu kuwa ni Mwafrika, na jibu hilo likampeleka Manchester. Jibu la tatu, kwamba ni Mkenya, hakulipata London. Alipaswa kulitafuta aliporudi, akiwa na watu waliozungumza lugha nyingine na waliokuwa na ardhi yao na malalamiko yao. Ng'ambo ilimfundisha kuipenda nyumba aliyozaliwa na kuliona bara zima. Kati ya nyumba na bara kuna nchi, na kuishi vyema na majirani katika nchi hiyo ni somo ambalo chuo cha kigeni hakikuweza kumhitimisha.

Mambo ya kuzingatia

1. Insha yako isipungue maneno 400. Wasifu huu ni mrefu kuliko unaotakiwa katika mtihani. Chagua vipindi vitatu au vinne vinavyojibu swali, kisha uvieleze kikamilifu.
2. Baada ya kila tukio, eleza athari yake. Kusema alisoma anthropolojia hakutoshi. Eleza somo hilo lilimbadilisha vipi.
3. Taja mazuri na upungufu wa mhusika. Wasifu si risala ya sifa.
4. Taja tarehe unazozijua kwa hakika tu. Tarehe isiyo sahihi huharibu insha nzuri.

Maswali ya marudio

1. Taja majina manne aliyotumia au aliyoitwa mhusika, na ueleze kila jina linaonyesha nini kuhusu maisha yake wakati huo. (Alama 8)
2. Linganisha kazi ya Kenyatta katika filamu na kazi yake katika utafiti wa lugha ya Kikuyu. Ni ipi iliyomjengea heshima zaidi, na kwa nini? (Alama 4)
3. Eleza gharama mbili ambazo familia ya Kenyatta ililipa kutokana na kukaa kwake ng'ambo. (Alama 4)
4. Je, mtu anaweza kuipenda jamii yake na bado akaikosoa? Jibu kwa kurejelea kitabu cha Kenyatta. (Alama 4)